Mkia wa Farasi wa Etelka Bodnár

Etelka Bodnár hajawahi kupanda farasi. Watoto wa kijiji cha Sárosfok hawalijui hilo, naye haoni sababu ya kuwaambia. Hapa kwenye nyika ya Hortobágy, ambako kila ukoo una babu aliyechunga farasi, mtoto akiuliza jambo la farasi huelekezwa maktaba, kwa mama huyu mwembamba ambaye vidole vyake vimechanwachanwa na maganda ya mahindi.

Darasa lake ni la Alhamisi, baada ya shule. Kwanza huwasomea kitabu. Kisha huja kazi ya mikono: maganda meupe ya ndani hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yalegee, hukunjwa, hufungwa kwa uzi, na farasi wa kukaa kiganjani hutokea. Kila mtoto humpa wake jina linaloanza na herufi ya kwanza ya jina la mama wa mtoto huyo, kama wafugaji wanavyowapa majina watoto wa farasi. Mwisho ni mchezo uani, mmoja farasi, mwingine mchungaji mwenye mjeledi wa kamba, mpaka wazazi waje kuwachukua.

Mwaka jana, theluji ilipoyeyuka, Tünde Rácz aliolewa kijijini akaja na poni, farasi wa aina ndogo. Poni huyo anaitwa Morzsa, ni mfupi, ana kitambi, na ukimkaribia anakupulizia pumzi ya joto shingoni. Tünde aliwafungulia watoto lango la ua wake kila Alhamisi, kwa kuwa ndiyo siku yake ya mapumziko. Hakumuuliza mtu.

Maktaba ilianza kupungua watu. Kwanza waliondoka wavulana, halafu wasichana, halafu Boróka, mjukuu wa Etelka mwenyewe, ambaye alirudi nyumbani na harufu ya zizi kwenye koti. Etelka alilitundika koti hilo nje, kwenye baridi.

"Unamwonea wivu farasi anayeweza kupita chini ya meza yetu," alisema mumewe, Dezső.

"Sina wivu. Ananuka."

"Farasi wananuka, mke wangu. Wako tu ndio hawanuki."

Ikakaribia sherehe ya mavuno ya zabibu. Kila mwaka watoto hutangulia mbele ya maandamano, na kila mwaka walikuwa wakitembea nyuma ya Etelka. Safari hii mkuu wa ukumbi wa kijiji, mtu asiyependa ugomvi, aliwaita wanawake wote wawili akasema watoto wenyewe watachagua wamfuate nani. Tünde alisema sawa. Etelka naye alisema sawa, akaenda moja kwa moja kumwomba jirani mabua ya mahindi, mzigo mzima.

Aliamua kuunda farasi jike wa ukubwa wa kweli: mifupa ya mabua, ngozi ya maganda, singa na mkia wa kusukwa. Habari zikaenea, watoto wakarudi maktaba mbio. Kwa muda alikuwa mwanamke mwenye furaha. Lakini kila walipoondoka, alikaa akafumua walichosuka na kukisuka upya.

"Bibi, mkia nilisuka mimi," alisema Boróka siku moja, akiutazama.

"Ulikuwa umelegea. Nimeurudia."

"Lakini ulikuwa wangu."

"Sasa ni mzuri zaidi."

Boróka alichukua koti lake, akaenda zake. Alhamisi iliyofuata hakuja, na wenzake nao wakaanza kukosekana. Sikio la mwisho Etelka alilishona peke yake.

Siku ya sherehe Dezső alimleta farasi huyo kwenye mkokoteni. Alikuwa mzuri kweli, shingo imepinda, kwato za magunzi. Watu walipiga picha. Watoto walimtazama, wakamsifu kwa adabu, wakaenda kujipanga nyuma ya Morzsa. Boróka alikuwa miongoni mwao, ameshika upande wa hatamu.

"Sogeza mkokoteni mbele," Etelka alimwambia mumewe.

"Mbele ya nani?"

"Mbele yao. Pale."

"Etelka, pale ni mbele ya pua ya—"

"Sogeza!"

Dezső akasogeza. Hakuna mtu wa nyika hii, hata mlevi, ambaye angeweka mkia wa maganda ya mahindi mbele ya mdomo wa farasi. Etelka wakati huo alikuwa akiangalia watoto tu. Aliona nyuso zao zikibadilika, akadhani hatimaye wamevutiwa.

"Shangazi Etelka, anaula mkia!"

Morzsa alikuwa ameshaumaliza nusu. Tünde alivuta hatamu kwa mikono miwili, uso mwekundu.

"Samahani, mama! Samahani sana!"

"Humlishi?"

"Nimemlisha! Ndoo nzima ya shayiri!"

"Usijali, Etelka," mtu alipaza sauti kutoka kwenye kibanda cha maandazi. "Angalau huyo amekiri kazi yako ni tamu!"

Barabara nzima ilicheka. Etelka aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Ndipo Boróka akaachia hatamu, akaja.

"Bibi, maganda yamebaki?"

Yalikuwamo kwenye gunia chini ya mkokoteni, makavu. Watoto waliyagombania. Walisuka haraka, vibaya, maganda yakikatika kwa kukosa maji, na mkia uliotokea ulifanana na ufagio. Etelka alinyoosha mkono kuufumua. Boróka akamtazama. Mkono ukaingia mfukoni mwa aproni, na ukakaa humo.

Maandamano yalipoanza, baadhi ya watoto walimfuata farasi wa maganda. Boróka alirudi kwa poni.

Siku hizi watoto huanzia maktaba, kisha huenda uani kwa Tünde. Wazo hilo lilikuwa la Tünde, na Etelka hajamsamehe kwa kuwa wa kwanza kulifikiria. Kwa hiyo husoma polepole. Alhamisi iliyopita alisoma polepole kiasi kwamba Tünde alikuja mwenyewe kuwachukua watoto, akiwa na nyasi nyweleni.

"Endelea tu, mama," alinong'ona, akaketi kwenye kiti cha watoto. "Nitasubiri."

Boróka akajisogeza taratibu, akaegemeza kichwa kwenye goti la Tünde.

Etelka aliona. Alifunua ukurasa, akaongeza sauti, na farasi wa kitabuni, aliyekuwa amelala zizini kwa amani, akaruka uzio, akatimua mbio gizani, akafika kwenye mto uliofurika. Boróka akainua kichwa. Kisha akaondoka kwenye lile goti, akaja kukaa mbele kabisa, miguuni pa bibi yake.

Kitabuni hapakuwa na mto wowote.