Siku Tulipouombea Wimbo wa Guka Ushuke

Chekeni mapema mmalize, kwa sababu nikianza kusimulia sitaki kukatizwa. Hadi leo nikipita mbele ya nyumba ya Bi Zuwena najifanya naongea na simu, hata kama simu yenyewe imezima, maana yule mama aliniona siku nilipoaibika vile ambavyo sijawahi kuaibika tangu nizaliwe Nyahururu.

Mimi ni mlezi hapa Al Twar, huku Uarabuni. Namtunza baba yake madam, mzee wa Kimarekani ambaye namwita Guka, vile sisi Wakikuyu tunavyomwita babu, na jina lenyewe amelipenda hadi siku hizi hageuki ukimwita lingine. Huyu Guka, msimwone hivi anavyotafuta miwani iliyo usoni, miaka ya sitini alikuwa kwenye bendi. Walikuwa wanne, picha yao iko ukutani, suruali za kubana na nywele zimeangukia macho. Wimbo wao mmoja ulipanda chati ya Amerika hadi nambari mbili ukakwama hapo, kwa sababu bendi nyingine ilikuwa imekalia nambari wani na ikakataa kutoka. Guka huongea juu ya ile nambari wani kama watu wa kwetu wanavyoongea juu ya shamba lililonyakuliwa.

Kila siku baada ya chai anaweka santuri ya wimbo huo. Sasa sikilizeni mwisho wake (mimi hapo ndipo ngozi husisimka): wanaimba wote wanne, halafu sauti moja inanyamaza, halafu nyingine, halafu nyingine, anabaki mmoja peke yake anavuta sauti. Huyo ni Guka. Kisha kimya, unasikia sindano ikikwaruza tu.

Siku moja napanguza vumbi akanionyesha ile picha na kidole. "Walikufa hivyohivyo, Wanjiru," akasema. "Kwa mpangilio huohuo."

Akanieleza polepole, bila hata kuwa na huzuni. Wimbo ulirudi kwenye chati mara ya kwanza kwa sababu ya tangazo la sabuni, na kabla haujashuka yule anayenyamaza kwanza akafa. Ukarudi tena na sinema fulani, akaenda wa pili. Ukarudi vijana fulani walipouimba upya, akaenda wa tatu. Nikamwuliza, "Na wewe Guka?" Akatabasamu. "Bado haujarudi," akasema, akaomba biskuti.

Mtu mwenye akili angeacha mambo hapo. Mimi nilikuwa chumba cha kufulia napiga pasi, wimbo unasikika kutoka kwake, nikaegemeza simu kwenye chupa ya sabuni nikajirekodi nikicheza. Nilikuwa nimebeba mashati mkononi, kila sauti ikinyamaza natupa shati moja, mwisho nikabaki na lile jeupe la Guka nikalikumbatia. Nilitaka tu kuwachekesha dada zangu. Aki, sijui shetani gani alinishika kidole nikaiweka video mtandaoni watu wote waone.

Video ikatembea. Wafilipino wa saluni wakacheza, walinzi wa Qusais wakacheza na makoti yao, maharusi wa Naijeria wakacheza, hata wanajeshi wa nchi nisiyoijua. Wiki iliyofuata nikamsikia madam anapiga kelele za furaha sebuleni: wimbo wa baba umerudi kwenye chati! Nilikuwa nimebeba supu ya Guka. Niliiweka chini, sijui ilipoa saa ngapi.

Nikafuta video, lakini wapi, wengine walikuwa na zao. Wimbo ukapanda. Guka naye akaanza kukohoa, chakula anakigusa tu. Alasiri moja nikasikia ile sauti yake ya mwisho, ile ya kubaki peke yake, kutoka chumbani, nikasema leo anaimba, afadhali. Nikaenda kuchungulia. Guka amelala, mdomo umefungwa, mashine ya santuri imefunikwa na kitambaa chake. Na sauti bado naisikia. Ngai! Nilirudi jikoni kinyumenyume.

Ndipo nikampigia Mama Kevo, mpishi wa kambi ya wafanyakazi kule Qusais, kiongozi wetu wa maombi. Akasikiliza yote bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. "Hilo ni agano," akasema. "Unataka tuombe nini?"

"Ushuke," nikasema. "Wimbo ushuke kabla haujamchukua."

Basi. Wimbo ulikuwa umefika nambari mbili, palepale pa zamani, na madam akaandaa chai bustanini alasiri ile ambayo chati mpya ilikuwa inatoka, wageni wangoje pamoja na Guka. Bi Zuwena wa nyumba ya pili alikuwepo, mzaliwa wa Unguja aliyekuja huku akiwa msichana, na Kiswahili chake ni cha kukaa chini ukakisikiliza. Mimi nikamwingiza Mama Kevo na wenzake wawili kwa mlango wa jikoni, nikamwambia madam wamekuja kunisaidia vyombo. Nilipanga waombe kimyakimya chumba cha kufulia, khalas, yaishe, waende.

Mama Kevo akakataa. Akasema hawezi kuombea kitu asichokigusa, lazima aweke mikono juu ya santuri yenyewe.

Sasa kuna kile kidude cha kusikilizia watoto wachanga. Madam alikinunua ili Guka akianguka tusikie: kimoja kiko kando ya kitanda chake, kingine mimi natembea nacho nyumba nzima. Siku hiyo nilikuwa nimekibeba kwenye trei pamoja na sambusa. Na trei nilikuwa nimeiacha wapi? Mezani kwa wageni, jamani. Mezani kwa wageni.

Tukaingia chumbani kwa Guka. Mama Kevo akapaka santuri mafuta (ya zeituni, kutoka kwa kabati langu), akaanza taratibu, halafu mnamjua, akachemka. "Wimbo huu ushuke! Nambari mbili utoke! Ushuke hadi mia!" Na sisi tunaitikia "Ushuke!" kwa machozi, mimi nikilia zaidi ya wote. Kiwiko chake kikagonga mashine. Santuri ikazunguka, sindano ikateleza kwenye mafuta ikaenda moja kwa moja hadi mwisho, ikanasa kwenye sauti ya Guka. Sauti ya kijana, peke yake, inavuta, inarudi, inavuta, inarudi. Haiishi. Tukapiga mayowe, tukazidisha maombi, kwa sababu tungefanya nini kingine?

Kule bustanini, Bi Zuwena aliniambia baadaye, walikuwa wamekaa na Guka kikombe mkononi, mara kidude kikaanza kulia kwa sauti za wanawake kutoka chumba ambacho kila mtu alijua hakina mtu. Kisha ikaja sauti ya Guka mwenyewe, ya ujanani, naye yupo pale mbele yao amefunga mdomo. Mgeni mmoja aliweka sahani chini akaenda zake bila kuaga.

Nilipogeuka, mlango umejaa watu. Madam mwekundu, Guka na fimbo yake, na wageni nyuma yao.

"Wanasema nini hawa?" madam akauliza.

"Wanabariki, madam," nikasema.

Bi Zuwena hajui kudanganya. "La hasha, mwanangu," akaniambia kwa upole kabisa, kisha akamgeukia madam akamtafsiria kwa Kiingereza safi. "Wanamwomba Mungu wimbo wa baba yako uanguke."

Palepale simu ya madam ikalia. Akaisoma. Wimbo ulikuwa umeteleza, nambari tano.

Mama Kevo, bila haya, akasema "Amina."

Wageni wakaondoka mmoja mmoja. Guka akaketi kitandani akaniuliza, "Mliniombea nishindwe?"

"Nilikuombea uishi, Guka," nikasema, kamasi zinanitoka. "Nilikuwa naogopa ufe."

"Sikukwambia ile hadithi ili uogope," akasema. "Wenzangu watatu wako huko wananingoja niwapelekee nambari wani. Nilikuwa karibu kufika."

Woi. Hapo ndipo aibu iliponiingia kweli, si ya wageni. Nilikuwa nimemfungia mtu mlango na wala sikumwuliza kama alitaka kutoka.

Madam alitaka kunirudisha Kenya wiki hiyohiyo. Guka ndiye aliyekataa. Wimbo umetoka kabisa kwenye chati, kikohozi kimeisha, supu anaimaliza. Santuri ndiyo haikupona: ikifika mwisho sauti yake inanasa, inavuta na kurudi, hadi niende niinue sindano kwa mkono wangu. Yeye huniangalia tu nikifanya hivyo.

Nimeapa sitacheza tena mbele ya simu, na sitamwombea mtu kabla sijamwuliza anachotaka. Kile kiapo cha pili ni rahisi. Lakini kila siku baada ya chai Guka ananiletea simu yangu, na lile shati jeupe amelikunja vizuri juu yake, ananiambia, "Cheza tena, Wanjiru. Mara moja tu."

Namwambia goti linaniuma. Na goti langu, kwa taarifa yenu, ni zima kabisa.