Ile Nafasi ya Wanawake

Katika darasa letu la uhandisi wa mitambo wasichana tuko wawili tu, mimi na Spana. Jina hilo alipewa na wavulana, kwa mapenzi. Mimi hawajanipa jina lolote, na inaniuma, sifichi.

Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu watu wanaoachwa nje ya uhandisi. Nilishinda kwenye karakana nikitazama nani anashika nini. Mashine ikifunguliwa, mvulana anashika bisibisi, msichana anapewa kalamu aandike vipimo. Hakuna anayeamrisha, kalamu inakujia tu mkononi. Isipokuwa kwa Spana. Yeye akipewa kalamu huichomeka kwenye nywele, kisha huyo, chini ya injini. Mama yake ni fundi cherehani, na binti alianza kufungua mashine za watu kabla hajajua kusoma. Anatoka kule grisi hadi masikioni, na bado watu wanasema amependeza. Loo!

Nilimhoji, nikitumaini atalalamika.

"Nani alikukatisha tamaa?"

"Wengi, shoga yangu, ila sikuwa na muda nao. Hebu nipe hiyo nati."

Nikampa. Utafiti gani huo?

Kisha kiwanda cha pampu kikatangaza nafasi za mafunzo kazini, moja ikiwa imetengewa mwanamke. Anayefanya mafunzo pale ndiye huajiriwa baadaye. Niliitaka ile nafasi mpaka chakula hakipiti. Na nani angeninyang'anya kama si yeye? Nilimwombea homa, homa ndogo tu, ya siku ya usaili.

Kumbe wala hakuiomba. Aliomba zile za watu wote, akapambana na wavulana, akapata. Ile ya wanawake ikawa yangu. Mama alipiga vigelegele kwenye simu, nami nikaitikia huku roho inaniuma. Nimepata nilichotaka, na mshindi bado ni yeye! Kwenye utafiti nilikuwa nimeandika kwamba nafasi hizo ni haki, maana mlango ulifungwa muda mrefu mno. Naamini kila neno. Wivu wangu ndio haujasoma hata ukurasa mmoja.

Siku ya kuanza kazi, msimamizi alitupokea getini pamoja na wavulana tuliokuja nao. Akatutazama sisi wawili kwa zamu.

"Yupi kati yenu ni wa ile nafasi ya wanawake?"

Wavulana wakainamia viatu vyao. Mkono wangu ukaanza kuinuka.

"Sote wawili ni wanawake, bosi," Spana akasema. "Tunaanzia wapi?"

Msimamizi akakohoa, akatufungulia mlango.

Jibu fupi hivyo! Mimi ndiye niliyelihangaikia mwaka mzima, kurasa kwa kurasa, na yeye ndiye aliyelisema. Tena alilisema kwa ajili yangu. Nilimwonea wivu mpaka machozi yakanilengalenga, nikaushusha mkono na kuingia ndani nyuma yake.