Nilimfungisha mke wangu ili nifiche unga wa nguvu za kiume

Nimekosa, jamani, na aliyeumia si mimi. Nisikilizeni tu, hata kama mtanicheka.

Mimi ni mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, nauza maharage kwa jumla huku mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi. Vita vilipofika kwetu, malori yalikwama, depo ikabaki tupu, ndugu zangu wakatawanyika na simu zao hazipatikani. Mwili nao ukaniasi. Mwanaume mzima, kila usiku nageukia ukuta!

Mke wangu alinifunika shuka tu, akalala. Laiti angeniuliza!

Dereva mmoja rafiki yangu akaniambia kuna unga wa asidi amino, ule wanaokunywa wanyanyua vyuma, eti unafungua mishipa ya damu na mwanaume anarudi kuwa mwanaume. Nivumilie tu, haufanyi kazi kwa siku moja. Nikaununua, nikauficha depo.

Sasa nyumbani ningesema nini? Kanisani kwetu mtu akiwa kwenye mfungo wa maombi hamgusi mkewe. Nikamtangazia kwamba nafunga kuombea amani ya kwetu. Uongo mtupu! Mchana niko depo, nakoroga unga wangu na kula bukari, ugali wetu wa huku, kwa samaki.

Yeye akasema hawezi kuniacha nifunge peke yangu. Ana kisukari, anameza vidonge, na nilijua hatakiwi kukaa na njaa. Nilimkataza, lakini kwa sauti ya mtu anayeogopa kuulizwa zaidi. Akafunga. Mfungo ukaisha, unga haujanisaidia kitu, nikatangaza mwingine. Ee Mungu wangu!

Asubuhi moja alianguka jikoni. Daktari akasema sukari ilishuka mno, ubongo umeumia. Nilimvuta pembeni nikamuuliza kuhusu unga wangu. Akasema tatizo kama langu mara nyingi linatoka kwenye presha, sukari au mawazo. Ningekuja kwanza nipimwe, si kujitibu gizani.

Mke wangu amezinduka, ila mkono na mguu wa kulia havimtii. Waumini wanakuja kutuombea, wanatusifu kwa imani yetu. Mimi nainamisha kichwa, nao wanadhani nasali.

Juzi alinishika kwa mkono uliobaki, akasema polepole, akiniita kwa jina la mtoto wetu: "Papa Grâce, usiache kufunga juu ya miye. Nikipona, tutaendelea sisi babili."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Ningefanya nini?

Wanaume wenzangu, nguvu zikipotea, semeni na wake zenu, kisha nendeni mkapimwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi yangu yamemwangukia asiye na kosa. Kila asubuhi naingia wodini na maneno mdomoni, natoka nayo vilevile. Ninyi nyote mmejua leo. Yeye bado.