Mistari ya Kliniki ya Macho

Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Matokeo ya mtihani alikuwa nayo, chuo hakijamwita, na mwili ulikuwa unamwasha kwa nguvu zisizo na kazi. Kila asubuhi alivaa fulana iliyoandikwa NIULIZE MIMI, akaenda hospitali kuelekeza wagonjwa. Hakulipwa. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa bado hajalimeza jambo hilo.

"Unasimama kutwa kwenye korido za watu, jioni unarudi na nini?"

"Na miguu, mama."

"Miguu si ulikwenda nayo?"

Walikuwa vijana wanane wa kujitolea. Kazi yao ilikuwa kumshika mgonjwa mkono kutoka getini hadi anakokwenda. Yeye ndiye aliyegundua kwamba watu wengi walipita chini ya vibao bila kuvitazama. Wengine hawakujua kusoma, na waliona haya kuuliza. Basi akapanda ngazi hadi kwa Matroni, mkuu wa wauguzi, akaomba ruhusa ya kupaka mistari sakafuni. Kila kliniki iwe na rangi yake, mgonjwa atajiwe rangi getini, afuate tu.

Matroni alimtazama juu ya miwani. "Mpaka Ijumaa. Ikileta vurugu, mtaisugua wenyewe, na Jumatatu mkae makwenu wote wanane."

Mjomba wake, fundi rangi, alimpa makopo yaliyobaki kwenye kazi zake. Nyekundu ikaenda maabara, kijani wodi ya wazazi, buluu kliniki ya macho. Walipaka Jumapili nzima, magoti yakachubuka, mistari ikanyooka kama imepigwa pasi.

Jumatatu saa tatu, mkunga wa wodi ya wazazi akaita kwa sauti ya korido nzima. "Wee binti! Njoo umchukue mzee wako!"

Babu mmoja, kofia magotini, alikuwa ameketi kwenye benchi la wajawazito, ametulia kama mwenye miadi.

"Nimemuuliza ana miezi mingapi," mkunga alisema, "kanijibu huu mwaka wa pili, na jicho la kushoto ndilo limezidi."

Benchi zima likaangua kicheko. Babu naye akacheka, maana alikuwa muungwana.

Siku hiyo wazee watano walipotelea kwa wajawazito. Jumanne, hata saa nne haijafika, walikuwa wanne.

"Wabishi tu hao," wenzake walisema. "Mstari wanauona, hawataki kuufuata."

Hata yeye alitamani iwe hivyo. Lakini mzee wa tano alipofika, hakumvuta mkono. Alichuchumaa naye pale mistari miwili inapoachana.

"Babu, huu rangi gani?"

"Kijani."

"Na huu?"

"Mjukuu wangu, si huohuo? Mmechora pacha."

Alikimbilia kliniki ya macho, na muuguzi wa pale akamweleza bila kuinua kichwa: mtoto wa jicho hulifunika jicho kwa ukungu wa manjano, na buluu ni katika rangi za mwanzo kufifia.

"Sisi tulikuwa hapahapa," muuguzi aliongeza. "Hukutuuliza."

"Sikuuliza," alikubali. "Wala wao sikuwauliza."

Alikuwa amewachagulia rangi kwa macho yake mwenyewe, macho ya miaka kumi na tisa.

Angeweza kunyamaza mpaka Ijumaa. Alipanda ngazi palepale.

"Nimekosea, Matroni. Wazee hawana kosa. Naomba nipake upya."

"Ijumaa ni Ijumaa," Matroni alijibu. Lakini hakusema hapana.

Jumatano alipita kwenye benchi la macho na vipande vya ubao vilivyopakwa rangi, akavilaza sakafuni mbele ya kila mgonjwa. "Kipi kinakurukia?" Wakabishana, wakataniana, bibi mmoja akamwambia mwenzake asijibu kwa kupiga ramli. Karibu wote walikionyesha kimoja: njano, kimezungukwa na nyeusi. Jioni, kliniki zilipofungwa, vijana wanane wakapiga magoti tena, wakaifunika buluu kwa mstari wa njano wenye kingo nyeusi, mpana kama kiganja.

Ijumaa Matroni alishuka mwenyewe, akasimama getini. Bibi mwenye fimbo akaingia peke yake. Mikono ya binti ilitaka kumshika, akaificha mgongoni. Bibi alikwenda polepole, akafika pale njia zinapoachana, akasimama. Akainama kidogo, akagonga fimbo juu ya njano.

"Haya, twende," akajiambia, akakata kona ya kliniki ya macho.

Matroni alimfuata nyuma hadi mlangoni, kisha akarudi.

"Wangapi wamekwenda kwa wazazi leo?"

"Mzee mmoja."

"Anatafuta macho?"

"Hapana, Matroni. Binti yake amejifungua."

Matroni alivua miwani, akaifuta taratibu kuliko ilivyohitaji. "Jumatatu mnafika saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Wagonjwa wa macho hufika saa moja."

"Basi saa moja," alisema, na tayari alikuwa anatembea kwenda kuwaambia wenzake.