Vifungo vya Pembe na Picha za Sherehe

Kazi ya kutafsiri tovuti ina balaa moja: kila mtu anadhani ni rahisi. Muuza asali anakuja na maneno yake kwenye simu, anasimama mlangoni na kusema, "Ndugu yangu, ni dakika tano tu, wewe geuza." Geuza! Kana kwamba ni godoro.

Anayeambiwa hivyo ni bwana mmoja wa makamo, mrefu, mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi upande wa sikio, aliyepanga chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Mtaani wanamwita Bwana Mtandao, na kwa jina hilo analetewa mpaka simu zilizoingia maji. Kazi yake hasa ni kuwatafutia wafanyabiashara wadogo wateja wa ng'ambo. Anachukua tovuti zao, anaziandika upya kwa lugha za huko, anachunguza watu wa huko wakitaka kitu wanakitafuta kwa maneno gani, kisha anahakikisha wakitafuta wanakipata.

Ana utaratibu wake, na haubadilishi kwa ajili ya mtu. Kabla ya kutafsiri neno hata moja anakaa mbele ya mwenye biashara na kujifanya mteja mbishi wa mbali. "Hii asali inafungwaje? Chupa ikivunjika njiani, hasara ya nani? Itanifikia baada ya muda gani?" Wengi hukasirika. Wao wanataka iandikwe kwamba bidhaa yao ni bora kuliko zote duniani, basi, mambo yaishe. Naye huwaambia bila kupepesa macho kwamba kila muuzaji duniani ni bora kuliko wenzake wote, kwa hiyo sentensi hiyo inafutwa. Yule muuza asali alinuna wiki nzima, halafu akarudi na majibu.

Mtu makini namna hiyo ungedhani hakosei. Alikosea, tena kwa shangazi yake.

Shangazi huyo, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea. Ana karakana ya vifungo. Ananunua pembe za ng'ombe machinjioni, anazichemsha mpaka zilainike, anazikandamiza ziwe bapa, kisha zinakatwa vipande vya mviringo, vinatobolewa matundu na kung'arishwa. Vinatoka vifungo vya koti, vya kahawia na vya rangi ya maziwa, na huwezi kupata viwili vinavyofanana sawasawa. Pembe ikikatwa inanuka kama nywele zilizoungua, na harufu hiyo haitoki nguoni hata ufue vipi. Wafanyakazi ni wawili: fundi wa msumeno, anayeitwa Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza, na dada mmoja wa kung'arisha, ambaye kazi yake ya pili ni kumvumilia Kimya.

Vifungo vya plastiki vilipoingia sokoni kwa wingi, washonaji wa mjini waliacha kuja, mmoja baada ya mwingine. Ndipo shangazi alipomwita.

"Baba," alisema, maana ndivyo anavyomwita tangu utotoni, damu ya kaka yake, "mkataba wa jengo unaisha mwisho wa mwaka. Kama huko ng'ambo kwako hakuna anayevaa koti, mimi nafunga."

"Usiseme hivyo, shangazi."

"Nisemeje? Niimbe?"

Bwana Mtandao akajifunga kibwebwe. Aliuliza maswali yake yote, akapima unene wa vifungo, akaandika vinavyostahimili kufuliwa na visivyopenda maji ya moto, akayaweka yote hayo katika lugha tatu. Zilikuwa kurasa safi, kazi ambayo hata yeye mwenyewe aliisoma mara mbili kwa raha. Zikabaki picha tu.

Na hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. "Jumamosi mpiga picha anakuja," aliwaambia, "mjiandae vizuri." Loo, wakajiandaa! Karakana ilifagiliwa mpaka pembeni. Mashine zilifunikwa vitambaa, lile pipa la kuchemshia pembe likasukumwa uani, maua ya plastiki yakawekwa mezani. Kimya alivaa suti ya harusi yake. Dada wa kung'arisha alitoka saluni. Shangazi alikaa katikati amevaa gauni linalometameta, mkoba mapajani, amemkazia macho mpiga picha kama anayemdai maelezo. Bwana Mtandao alizitazama zile picha, akaziona zimependeza kweli, akazipandisha kwenye tovuti.

Watu wakaanza kuingia. Aliwaona kwenye takwimu zake: wanafika, wanasoma, wanafika kwenye picha, wanaondoka. Mwezi wa kwanza hakuna aliyeagiza, wa pili vilevile. Alibadilisha maneno ya kutafutia, akabadilisha vichwa vya habari, akabadilisha mpaka rangi ya ukurasa. Patupu. Alianza kupita njia ya nyuma ili asikutane na Kimya, ambaye kila akimwona alikuwa na swali lilelile: "Wameagiza?"

Mwishowe ikaja barua pepe ya mshonaji mmoja wa makoti, mtu mwenye duka dogo mbali huko kwenye baridi. Aliandika kwa adabu. Alisema kurasa amezisoma kwa furaha, ila picha zinamwonyesha watu wanaokwenda kwenye sherehe. Je, vifungo vinatengenezwa na nani? Aliwahi kutapeliwa na watu wenye maneno mazuri wasiokuwa na karakana, kwa hiyo asamehewe kwa kuuliza. Kama kweli wapo, angependa kupiga simu ya video Alhamisi mchana.

Bwana Mtandao alihisi damu imempanda kichwani. Tapeli, shangazi yake! Kisha akazifungua zile picha, akazitazama kwa macho ya mteja mbishi wa mbali, macho ambayo siku ile alisahau kuyavaa. Hakuona msumeno wala pembe, hata chembe ya vumbi. Akajitukana kimoyomoyo.

Kumweleza shangazi ilikuwa shughuli.

"Kwa hiyo tuvae matambara tukapigiwe simu?" alifoka. "Mgeni akija kwako unampokea na aproni? Tulivaa vile kwa kumheshimu!"

"Najua, shangazi. Lakini yeye hatafuti mwenyeji, anatafuta fundi. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyewaambia mjiandae."

"Maisha yangu yote najikung'uta hili vumbi kabla sijatoka mlangoni. Leo nilipeleke ng'ambo?"

 Bwana Mtandao aliondoka roho juu. Kama shangazi angetokea tena na gauni lile, mshonaji angekata simu, na mwisho wa mwaka ulikuwa unakuja mbio.

Alhamisi alipofika karakanani alikuta pipa limerudi ndani, linafoka mvuke. Shangazi alitoka nyuma ya mashine na aproni yake ya kazi, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

"Usiniangalie hivyo," alisema. "Nimefikiri. Huyo naye ni fundi. Washa hilo dude lako."

Mshonaji alitokea kwenye kompyuta, mzee mwembamba mwenye futi ya kamba shingoni. Aliomba kuona pembe ikikatwa. Kimya akakata, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusema neno. Dada wa kung'arisha akasogeza kifungo mpaka kikajaa kwenye kioo. Mshonaji aliinama karibu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akauliza swali lake la mwisho, na Bwana Mtandao akalitafsiri: "Anasema, akiweka vifungo vyetu kwenye makoti yake mwaka huu, mwakani atatupata? Waliotangulia walipotea."

Shangazi akafuta mikono kwenye aproni.

"Mwambie hivi. Huyo unayezungumza naye ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Aliachwa kwangu hajui hata kufunga shati. Watu waliniambia niache vumbi hili, nikatafute kazi ya maana. Sikuacha. Nimemlisha kwa hili, nimemsomesha kwa hili, na hizo lugha anazokutolea zimetoka kwenye pembe hizi. Sikwenda popote wakati ule. Sasa niende wapi?"

Bwana Mtandao akafungua kinywa. Sauti ikagoma.

"Mbona humwambii?"

"Namwambia."

"Unamwambia nini na mimi sisikii kitu?"

Akavua miwani, akasema yote, neno kwa neno, mpaka lile shati. Hakuongeza, hakupunguza. Alipomaliza, mshonaji aliivua ile futi shingoni. Kisha akajibu.

"Kasemaje?"

"Anataka vya kahawia. Vya makoti yake yote ya msimu."

"Na nini tena? Kasema kirefu kuliko hivyo."

"Kasema... kasema nimelelewa vizuri."

"Hilo umelitunga."

"Sijalitunga, shangazi."

Shangazi akageukia ukutani, akakaa hivyo, mabega yakipanda na kushuka. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

"Kimya," akasema bila kugeuka, "mwakani tupo. Washa mashine."