Choo Kilichomsubiri Mgeni Rasmi

Mwanamke wa sokoni hanywi maji. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza nilipoanza kuuza nazi Kariakoo, na aliyenifundisha ni marehemu shangazi yangu, ambaye meza ilikuwa yake kabla haijawa yangu. Chai kikombe kimoja alfajiri, basi. Ukishikwa na kiu, unasukutua unatema. Tunakunywa jioni, tukishavua viatu nyumbani, na hapo tunakunywa kama ng'ombe. Wanaume wa sokoni hawana habari na elimu hii. Wao wana kuta.

Choo kilikuwepo, nisiseme uongo. Kiko ng'ambo ya barabara, cha kulipia, mlango mmoja kwa wote, komeo liling'oka zamani, na wapagazi wamejipanga nje wanakutazama unavyoingia na unavyotoka. Ukienda huko umeiacha meza. Ukirudi, nazi zimepungua na mteja wako keshaondoka na mfuko wa jirani. Kwa hiyo tulijibana. Tulijibana tukiwa wasichana, tukajibana tukiwa na mimba, tukajibana mpaka sukari ikatukuta ukubwani. Maumivu ya kibofu kwetu yalikuwa kama mafua, mtu hata hasemi.

Meza iliyopakana na yangu ilikuwa ya mwenzangu, muuza tangawizi na vitunguu saumu. Aliniita dada, nami nikimwita mdogo wangu, ingawa udugu wetu ulikuwa wa kupakana meza tu. Mwembamba, mcheshi, maneno yake makali lakini ameyavisha adabu. Mteja akimwambia tangawizi yake imenyauka, anajibu, "Hata mimi nimenyauka, baba, lakini bado nawasha." Mumewe ni fundi cherehani, anashona barazani kwenye duka la vitambaa la Muhindi mmoja, mtaa wa nyuma yetu. Walichokuwa wakikitafuta miaka yote ile ni mtoto. Mimba mbili zilishatoka. Mama mkwe alishaanza kumuuliza mwanawe, mkewe akisikia, kama wanawake wameisha hapa mjini. Mimba ya tatu ilipofika miezi minne aliniambia kwa kunong'ona, huku anamenya saumu, na mimi nikasema alhamdulillahi kabla hajamaliza.

Kliniki walimpima wakamwambia mkojo wake mchafu. Nesi akampa dawa, akamsisitiza anywe maji mengi na asibane mkojo kabisa, maana huenda hata zile mbili zilitolewa na maradhi hayohayo. Mdogo wangu alirudi sokoni akakaa kwenye ndoo yake, akaniuliza, "Dada, nikinywa maji mengi nitayapeleka wapi?" 

Bahati nzuri, ndivyo tulivyodhani, mradi ulikuwa umeshaingia. Ulikuwa mradi wa kuwainua wanawake wa sokoni, pesa zinatoka nje. Walituita semina kwenye ukumbi mmoja Posta, ukumbi wa baridi, viti vimevikwa vitambaa vyeupe kama maharusi. Tulifundishwa usawa wa kijinsia, uongozi, na sauti ya mwanamke. Mwalimu wetu alikuwa mwanaume, kijana wa mradi, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Nilimuuliza kama mama yake anajua kwamba anatufundisha uanamke. Alicheka mpaka akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na nalisema hilo mapema ili nisije nikamwonea huko mbele.

Siku ya mwisho alikuja mama mfadhili mwenyewe, Mzungu mtu mzima mwenye mvi. Akauliza, kijana akitafsiri, ni kitu gani hasa kinachotukwamisha kazini. Ukumbi mzima ukaangalia chini. Sisi tuliolelewa pwani hatusemi mambo ya chooni mbele ya mwanaume mwenye tai. Mdogo wangu akasimama, mkono tumboni, akasema, "Choo." Kisha akaeleza yote, mpaka la nesi. Yule mama machozi yalimlenga. Aliomba ruhusa amshike tumbo, akaruhusiwa, akasema choo kitatangulia na mtoto atafuata. Tulipiga vigelegele siku ile. Mimi nilivipiga kuliko wote.

Na kweli walijenga. Hapa sina la kuwalaumu. Kilisimama upesi nyuma ya meza zetu, vigae vyeupe, kila mlango na komeo lake kwa ndani, tenki la maji juu, sinki la kunawia. Tukaunda kamati, mdogo wangu akawa katibu, kwa kuwa ndiye aliyekiomba. Fundi alipomaliza kupaka rangi alifagia, akaufunga mlango wa nje, akamkabidhi kijana wa mradi funguo. Kijana akafunga utepe mwekundu kutoka nguzo hadi nguzo. Tukauliza, tunaanza lini? Akasema, akija mgeni rasmi.

Mtu wa kuja huenda asielewe, lakini sisi tulielewa mara moja, na ndiyo maana hatukupiga kelele. Kwetu kitu hakijaanza mpaka mkubwa akate utepe. Kinaweza kuwa kisima na watu wana kiu, kitasubiri mkasi. Mama mfadhili alitaka awepo, pamoja na wapiga picha wake. Mkubwa wetu wa serikali naye alitakiwa awepo. Tulishona sare za kitenge. Siku ikapangwa, mkubwa akapata safari. Ikapangwa nyingine, mama mfadhili akakosa ndege. Ikapangwa tena, mvua ikanyesha, Jangwani ikajaa maji, barabara zikafungwa, shughuli ikaahirishwa tukiwa tumeshavaa.

Wakati huo wote mdogo wangu alikuwa anapita mbele ya ule mlango kila asubuhi na ndoo yake. Mwanzoni alimtii nesi. Alikunywa maji, akavuka barabara, akarudi, akavuka tena. Nilimwangalizia meza. Halafu siku moja alirudi kanga ameishika kifuani kwa mikono miwili. Mwanaume alikuwa ameusukuma ule mlango usio na komeo, akamkuta amechuchumaa, na badala ya kurudi nyuma akasimama palepale anamtazama. Hakumgusa. Alimtazama tu, kisha akacheka. Toka siku ile mdogo wangu hakuvuka tena. Alirudia elimu ya shangazi yangu, kusukutua na kutema.

Nilimfuata kijana wa mradi. Nilimkuta ofisini kwao anakula korosho.

"Mwanangu," nikamwambia, "fungua hata chumba kimoja. Mgeni akija tutakisafisha, hatajua."

"Mama, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Fungua."

"Hakijakabidhiwa, mama. Kikiharibika kabla ya ufunguzi, nitajibu nini mimi? Mikono yangu imefungwa. Subira yavuta heri."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Yule mwenzangu unamjua, unaijua na hali yake."

Alisema anajua. Alisema atawaandikia wakubwa zake. Nadhani aliwaandikia kweli, maana kesho yake alinipigia kuniambia bado hawajamjibu.

Basi nikaazima nyundo kwa fundi baiskeli na kuitisha kamati. Nilisema tuvunje kufuli, tuingie, wakija watukute tumo ndani, si walisema sauti ya mwanamke? Wenzangu wakaguna. Awamu ya pili ya mradi ilikuwa mikopo, na kila mmoja pale alishaupangia mkopo wake kazi. Mmoja akasema tukivunja tutaitwa wahuni, mradi utahamia soko jingine. Nikamgeukia mdogo wangu, nikijua ndiye mwenye haki kuliko wote. Akasema, "Dada, tusivunje. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya yule mama nikakiomba. Akija akute kufuli limevunjwa, atanionaje? Ni siku chache tu hizi. Nitavumilia."

Nyundo nikairudisha. Hasira niliyokuwa nayo siku ile ninayo mpaka leo, na sijui niipeleke kwa nani, kwa kuwa kila mtu alikuwa na sababu nzuri.

Homa ilimwanza taratibu. Alikaa mezani amejifunika kanga kwenye joto la Dar, meno yanagongana, anaendelea kuuza. Nilimwambia aende nyumbani akasema akishauza beseni. Mchana akashika kiuno, akainama, akaniambia kwa sauti ndogo kabisa, "Dada, naona kunaloa." Tulimbeba mpaka kwenye bajaji. Hospitalini walijitahidi, niliwaona kwa macho yangu. Maradhi ya mkojo yalikuwa yameshapanda, na uchungu ulishaanza, hauzuiliki tena. Alizaliwa mtoto wa kike, mdogo, viganja vyake vimetimia kila kidole. Hakulia.

Baba yake alimpa jina. Alimbeba mwenyewe mikononi, amemfunga kwenye kipande cha bafta alichokikata dukani pale anaposhonea, wakaenda kumzika wanaume watupu, kama desturi yetu. Mama yake alikuwa bado wodini. Kaburi hajaliona.

Aliporuhusiwa alirudi nyumbani kwao, chumba kimoja na ukumbi, wao, mama mkwe, na mawifi wawili. Kila akitaka kulia kuna mtu wa kumnyamazisha. Usilie, utakufuru. Usilie, Mungu atakupa mwingine.  Aliporudi sokoni macho yake yalikuwa makavu. Alipanga tangawizi, akauza. Akitaniwa alijibu, lakini utani wake ulikuwa umepoa.

Ndipo mgeni rasmi akaja.

Kijana wa mradi alimfuata mdogo wangu tangu jana yake. Alimpa pole, na sauti yake ilikatika, nakubali. Halafu akamwomba asome risala, kwa sababu ratiba ilishapelekwa kwa wakubwa, na jina la katibu limo. Nikamwambia mdogo wangu akatae. Akasema, "Wenzangu wanangoja mikopo yao, dada. Kusoma tu."

Turubai likafungwa, muziki ukapigwa. Alisoma akiwa kwenye sare iliyoshonwa kwa tumbo la miezi sita, kitenge kimemlegea mbele. Risala waliiandika wao, inaanza na mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliisoma yote, hakukosea neno. Mkubwa akakata utepe, tukaambiwa tupige vigelegele. Mimi mdomo wangu haukufunguka.

Yule mama mfadhili alimtambua. Alikuja mbio mbio amefungua mikono, akamkumbatia, akarudi nyuma akamtazama tumbo, uso ukazidi kung'aa. Akauliza kitu. Kijana wa mradi akawa kama kameza mfupa. Akatafsiri polepole, "Anauliza mtoto yuko wapi."

 Mdogo wangu akageuka, akapita kwenye utepe uliokatwa, akaingia chumba cha kwanza, akatia komeo. Wapiga picha wakafurahi, maana ilikuwa kwenye ratiba kwamba yeye ndiye atakuwa wa kwanza kuingia. Wakaelekeza kamera zao mlangoni wamngoje atoke.

Akaanza kulia. Wiki zote zile hakuwa amepata mahali pa kulilia, sasa amepapata, pana vigae, sauti ikawa inagonga ukuta na kurudi. Alimwita mtoto kwa jina lake. Muziki ukazimwa. Wanawake wote wa sokoni wakajua.

Mama mfadhili akashtuka, akamshika kijana mkono, akamuuliza kuna nini. Kijana akamtazama mkubwa wa serikali. Mkubwa akaangalia saa yake. Kijana akasema maneno machache. Kiingereza changu ni cha kuuzia nazi, lakini neno lao la furaha nalijua. Alimwambia mwenzetu analia kwa furaha. Na yule mama akaamini, akaweka mkono kifuani, akaanza kupiga makofi, na wageni wote wakapiga naye.

Nilimwendea. Nikamsimamia mbele, uso kwa uso, nikamwambia, "Mama, mtoto alikufa. Tumeshamzika." Kijana hakutafsiri. Yule mama akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akaniambia neno pekee la Kiswahili alilolijua. Akasema asante.