Dumu Lililotazama Barabara

Mimi si mtu wa kutulia. Bahati mbaya, biashara niliyoichagua inataka mtu wa kukaa na kungoja. Nauza mafuta ya alizeti hapa Mandewa. Yanakamuliwa kijijini Sepuka, anakoishi mama, na yakitoka mashineni huwa na ukungu wa machicha, kwa hiyo lazima yakae kwenye pipa siku kadhaa mpaka uchafu ushuke chini. Mama akituma mzigo hunipigia simu kunionya, "Yaache yatulie, na wewe utulie." Mafuta yalitulia. Mimi nililizunguka pipa.

Mwaka wa kwanza wateja walikuwa wachache mpaka nikawajua kwa vikohozi vyao. Kibanda changu kiko nyuma ya nyumba, mbali na barabara, na nilijua wazi kwamba mtaa usiponifahamu kabla ya mavuno mengine, narudi Sepuka kushika jembe. Kulima si aibu, lakini nilikwishawaambia watu wote wa Sepuka kwamba mimi sasa ni wa mjini.

Basi nikajitangaza kwa chochote kisichokula hela nyingi. Niliandika kwa chaki kwenye kipande cha bati, upepo wa hapa ukaondoka nacho mara mbili. Niliweka picha za mafuta kwenye status asubuhi, mchana na jioni, mpaka binamu yangu akazizima, kisha akanipigia kunijulisha kwamba amezizima. Nilimwomba dereva wa bodaboda apite mnadani na spika yenye sauti yangu. Betri ikaisha baada ya maneno "Wananchi mnatangaziwa," na nasikia watu walibaki wamesimama wakingoja habari ya chanjo. Mwisho nikachapisha karatasi za kubandika, za njano, zenye ua la alizeti na namba yangu ya simu. Nilizibandika kwenye kila chupa na kila dumu. Ndoo yangu ya kuogea nayo haikupona.

Ndipo akafariki mke wa mzee mmoja jirani. Kwetu huendi msibani mikono mitupu. Huyu analeta unga, yule maharage, mwingine kuni kichwani. Mimi nikachagua dumu la lita kumi, yale mafuta yaliyotulia vizuri kuliko yote. Nilipofika mlangoni kwangu nikitoka, niliiona ile karatasi ubavuni. Nikajiambia gundi yake ni kali, nikiibandua nitachelewa.

Wanawake walikuwa wanapika nje, kando ya barabara. Nililiweka dumu karibu na mafiga, karatasi ikiwa imeelekea ukuta. Watu walikuwa wanaingia kutoka mitaa yote, wengine sijawahi kuwaona, na moyo wangu ukaanza kuniwasha. Nikainama kama mtu anayefunga khanga vizuri, nikaligeuza dumu, karatasi ikatazama barabara.

Haukupita muda. Yuko mama mmoja anayesimamia chakula misibani mtaani kwetu, mwanamke asiyepandisha sauti. Alisimama mbele ya dumu akasoma mpaka tarakimu ya mwisho. "Mwanangu," akasema, "umekuja kuzika au umekuja kuuza?" Waliokuwa wanachambua maharage wakaacha. Nikasema nimesahau kuibandua. Alichukua gunia tupu akalifunika dumu, akarudi kwenye sufuria yake.

Baada ya hapo hata wale wa vikohozi hawakuja tena. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililonitesa. Walinisalimia vizuri, wakaniulizia mama, wakaenda kununua kwingine. Mama alipopata habari alinipigia simu, akaanza kwa Kiswahili akamalizia kwa Kinyaturu, nikajua mambo ni mabaya. Lakini kesho yake akaanza kunitetea kwa kila mtu anayemfahamu. Mtoto alisahau, aliwaambia, ana haraka tu tangu utotoni. Kumsikia mama yangu akiutembeza uongo wangu kwa moyo safi kulinikosesha raha kabisa.

Kisha yule mzee akaanza kuchotea maji lile dumu. Kila asubuhi alipita nalo mtaa mzima kwenda bombani, karatasi ya njano ikimeremeta, na kila asubuhi nilisimama nyuma ya pazia nikiomba ivuke haraka. Siku ya tano sikuweza tena. Nikanunua dumu jipya, nikaenda kwake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ukae."

Sikukaa. "Nimekuletea dumu jipya. Naomba unipe lile la zamani."

"Lile halivuji."

"Lina karatasi, babu."

"Naiona."

Nilikuwa nimejiandaa kusema nilisahau. Badala yake yakanitoka mengine. "Sikusahau. Niliigeuza kwa mkono wangu, ili watu waisome. Nisamehe."

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa nimekaa pale mlangoni. Kila aliyenitazama alikuwa analia. Wewe ulikuwa unahangaika na dumu. Nikasema, huyu angepatana na mke wangu."

Akanieleza kwamba mkewe aliuza maandazi miaka mingi, na hakuna mahali alipoona haya kuyatangaza. Alitangaza kliniki, alitangaza kwenye foleni ya kupiga kura. "Siku ya harusi yetu," mzee akasema, "aliwaambia wageni kesho asubuhi atakaanga, waje na vyombo." Akacheka, na kicheko kikamkatikia katikati, akajifuta uso kwa kofia yake. Nikalia pale pale, kilio nilichopaswa kulia siku ya msiba.

Dumu jipya alinirudishia, akalishika lile la zamani. "Hili ndilo lililowapikia watu wake," akasema. "Litabaki hapa."

Kesho yake niliamka mapema nikaenda bombani mwenyewe, maana nilichoka kujificha. Foleni ilikuwa ndefu. Yule mama wa chakula cha misibani alikuwa mbele yangu, na hakugeuka. Mzee akafika na dumu lake, akaliweka chini kwenye zamu yake. Karatasi ilikuwa imeelekea upande wa bomba, hakuna aliyeiona. Nikashusha pumzi.

Akaitazama foleni mpaka macho yake yakanifikia. Kisha akashika goti, akainama taratibu, akaligeuza dumu mpaka karatasi ikatutazama sote.